Wahusika Weusi wa Televisheni ya Marekani na Filamu za Wanafunzi wa Los Angeles

Mtu ajuaye Kiswahili akiipitia orodha ya filamu zilizotengenezwa na wanafunzi weusi wa Chuo Kikuu cha California, mjini Los Angeles, katika miaka ya 1970, atakutana na maneno ya lugha yake mahali asipoyatazamia. Mwaka 1974 Don Amis alitoa filamu ya dakika tisa iitwayo Ujamii Uhuru Schule Community Freedom School, inayoeleza siku moja katika shule ya watoto weusi iliyofundisha kwa misingi ya Kiafrika. Mwaka 1978 Melvonna Ballenger alitoa filamu fupi aliyoiita Rain, na kando ya neno hilo la Kiingereza akaandika Nyesha. Tena yuko mwanafunzi aliyezaliwa Mississippi mwaka 1942, jina lake Walter Gordon, ambaye filamu yake ya kwanza ya mwaka 1972 ilitolewa kwa jina hilo. Lakini watu walikuja kumjua kwa jina la Jamaa Fanaka, na kwa jina hilo alifariki mwaka 2012.

Msomi wa lugha atashikwa mara moja na tamaa ya kusahihisha. Ujamii si neno tulizungumzalo. Yaelekea mtu aliliunganisha jamii na kiambishi u- kwa kufuata mfano wa ujamaa. Schule ni Kijerumani kitupu, nasi twajua kwamba shule yetu yenyewe ilitoka huko. Basi neno lilisafiri kutoka Ujerumani hadi pwani yetu, likavuka bahari hadi California, na huko likavikwa tena tahajia ya kwao. Nyesha yaweza kuwa shina la kitenzi lililotolewa katika kamusi, yaweza pia kuwa amri iliyoelekezwa mbinguni. Ama Jamaa Fanaka, mwenyewe alilifasiri kuwa ni kufanikiwa kwa njia ya umoja. Sisi tungetazamia jamaa yenye fanaka, au, tukilichukua fanaka kuwa kitenzi kama baadhi ya kamusi za zamani zinavyolichukua, tungelisoma jina lote kama wito kwa watu wa ukoo mmoja.

Lakini kusahihisha hakutatufikisha mbali. Linalotaka kuelezwa ni kwa nini vijana hawa, ambao wengi wao hawakupata kuiona Afrika Mashariki, waliponyosha mkono kutafuta jina la picha zao, mkono ulikifikia Kiswahili. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya jibu imo katika televisheni waliyokua nayo, na hasa katika michezo yake ya kuigiza na watu iliowaumba. Filamu zao zasomeka vema zaidi zikichukuliwa kuwa ni uhakiki wa michezo hiyo, uhakiki ulioandikwa kwa kamera.

Hapana budi kuanza na Amos 'n' Andy. Mchezo huu ulianza katika redio mwaka 1928, na sauti za watu weusi ziliigizwa na wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll. Ulipohamishiwa katika televisheni ya CBS mwezi Juni 1951 sauti peke yake haikutosha, kwa maana uso nao ulionekana. Wakatafutwa waigizaji weusi, na hivyo ukawa mchezo wa kwanza wa televisheni ya Marekani wenye waigizaji weusi karibu watupu. Mtu angedhani hiyo ni hatua ya maendeleo. Lakini waigizaji hao walitakiwa kusema kwa lahaja ile ile iliyotungwa na wazungu wawili kwa kuwachekesha wazungu wenzao. Msingi wa kicheko ulikuwa lugha: Kingefanywa nini na Kingfish, yule mlaghai mkuu wa mchezo, kama angeyatamka maneno makubwa ya Kiingereza mahali pake panapostahili? Kila neno la kisomo lilimponyoka kinywani likatoka limevunjika. Wakili wa mchezo huo alikuwa mjanja asiyeaminika, na mke wa Kingfish mgomvi wa kutwa kucha.

Chama cha NAACP kilipinga mwaka ule ule wa 1951, kikaenda mahakamani, kisha kikatoa orodha ya sababu zake. Shabaha ya hoja zake ilikuwa kwamba katika mchezo huo hapana mtu mweusi mwenye kazi ya heshima aifanyaye kwa heshima: daktari ni tapeli, wakili ni mwizi, na wanawake ni wapiga kelele. Mchezo ulikoma kutengenezwa mwaka 1953, lakini vipindi vyake viliendelea kuuzwa na kurudiwa katika vituo vidogo mpaka CBS ilipoviondoa sokoni mwaka 1966.

Hapa historia hii yatugusa sisi wenyewe. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, CBS ilithibitisha kwamba imeuza Amos 'n' Andy kwa Kenya na kwa Nigeria ya Magharibi. Haukupita muda, ofisa wa serikali ya Kenya akatangaza kwamba mchezo huo utapigwa marufuku. Sioni sababu ya kulichukulia jambo hili kuwa dogo. Nchi iliyokuwa ikijiandaa kupandisha bendera yake iliona upesi kwamba picha ya mtu mweusi aliyechorwa ili achekwe Chicago itachekwa vile vile Nairobi, na watakaoitazama Nairobi watakuwa wanajitazama. Wala tusijione watakatifu: michezo yetu ya kuchekesha, tangu ya redio hata ya televisheni, imevuna vicheko vingi kutokana na matamshi ya watu wa bara waliokuja mjini, na sijaona mhakiki wetu aliyelikalia jambo hilo kitako akaliandikia kitabu.

Neno letu mhusika latokana na kuhusika. Kwa Kiswahili, basi, mtu wa mchezo ni yule ambaye jambo lamhusu. Tukiishika maana hii ya asili tunapata mizani ambayo Kiingereza hakikuwapa wahakiki wa NAACP, maana wao walipima heshima na aibu, ilhali mizani yetu yapima ni jambo la nani lililo katikati ya mchezo. Chukua Beulah, mchezo ulioonyeshwa na ABC tangu mwaka 1950. Beulah ni mtumishi wa nyumbani kwa wazungu. Ni mwema, ana busara, hana ulaghai wa Kingfish. Waigizaji mashuhuri kama Ethel Waters na Louise Beavers walimwigiza, ijapokuwa katika redio mtu wa kwanza kumwigiza alikuwa mwanamume mzungu, Marlin Hurt. Ukimpima kwa heshima utamsifu kiasi. Ukimpima kwa kuhusika utaona kwamba kila shida anayoitatua ni shida ya bwana, ya bibi, au ya mtoto wao. Yumo katika kila tukio na hapana tukio limhusulo.

Sasa utazame mji wa Los Angeles katika miaka mitatu. Agosti 1965 mtaa wa Watts uliwaka moto kwa siku sita baada ya polisi kumkamata kijana mmoja barabarani. Watu 34 walikufa na zaidi ya 1,000 walijeruhiwa. Septemba 1968 kampuni ya NBC ilianza kuonyesha Julia, mchezo ambao Diahann Carroll aliigiza kuwa muuguzi mjane, mumewe rubani aliyeuawa Vietnam, akimlea mwana wake mmoja katika nyumba nzuri. Nyumba hiyo imo Los Angeles. Kutoka katika dirisha la Julia moshi wa Watts haukuonekana. Hapa mizani ya heshima ilishindwa kabisa kufanya kazi, kwa sababu Julia ana kila kitu ambacho NAACP ilikidai mwaka 1951: kisomo, kazi, matamshi safi, nyumba iliyofagiwa. Na bado Wamarekani weusi wengi walilalamika, na Carroll mwenyewe mwaka 1968 alikiri mbele ya waandishi wa magazeti kwamba mtu waliyemuumba ana weupe mwingi kuliko weusi. Jambo sasa lamhusu mhusika, lakini mhusika hawahusu watu wake.

Kabla ya kuingia chuoni yafaa nitaje mchezo mmoja zaidi, kwa kuwa wasomaji wa jarida hili wanao haki juu yake. Tarehe 8 Septemba 1966 NBC ilionyesha kipindi cha kwanza cha Star Trek, na ndani ya chombo chake cha angani alikuwamo ofisa wa mawasiliano, mwanamke mweusi aitwaye Uhura. Kwa maelezo ya mwigizaji Nichelle Nichols, siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa na kitabu cha Robert Ruark juu ya Kenya kiitwacho Uhuru, kilichotolewa mwaka 1962, na jina la mhusika likazaliwa hapo. Mtungaji alibadilisha sauti ya mwisho ili jina lilainike na kuwa la kike. Mabadiliko hayo yachekesha kidogo. Kiswahili hakijui jinsia katika majina. Mwanamke na mwanamume wote ni mtu. Neno uhuru, ambalo shina lake ni Kiarabu, lilikwisha kuvikwa kiambishi chetu cha ngeli ya mambo yasiyoshikika. Huko Hollywood likavuliwa mwisho wake na kupewa mwisho wa Kilatini. Lakini katika kipindi hicho hicho cha kwanza kiumbe kimoja chenye hila kinamtokea Uhura kwa sura ya mwanamume mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili. Na mwaka 1967, katika kipindi kimoja, akili yake inapofutwa na mashine na ikawa lazima afundishwe upya kusoma Kiingereza, akikwama hutoka maneno ya Kiswahili. Kingfish alikwama katika Kiingereza naye akachekwa. Uhura alikwama katika Kiingereza na ikadhihirika kwamba ana lugha nyingine nyuma yake. Kwa mtazamo wa historia ya wahusika, sidhani kwamba tofauti hii imepewa uzito unaostahili.

Desemba ya mwaka ule ule, 1966, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa hapo hapo Los Angeles, yenye misingi saba ambayo yote ina majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Hata jina la sikukuu liliongezwa herufi moja ili herufi zitimie saba. Wanafunzi waliofika chuoni baadaye hawakulazimika kukitafuta Kiswahili mbali. Kilikuwa katika ukumbi, katika mavazi, katika majina ya watoto. Na tangu Januari 1969, vijana wawili wa Black Panther walipouawa kwa risasi ndani ya chuo katika mzozo na kundi la Karenga, kilikuwa pia katika mambo ambayo watu walifia.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi walipozidi kudai, chuo kilianzisha mpango ulioitwa Ethno-Communications, chini ya mwalimu mweusi Elyseo Taylor, ili kuwaingiza katika shule ya sinema vijana weusi, wenye asili ya Mexico, wenye asili ya Asia, na wenyeji wa asili wa Marekani. Kila mwanafunzi mpya wa shule hiyo alitakiwa kutengeneza filamu yake mapema, akiandika mwenyewe, akiongoza mwenyewe, akipiga picha na kuzikata mwenyewe. Sharti hili lilikuwa na matokeo makubwa kuliko walimu walivyokusudia. Mwanafunzi aliyekuwa mtazamaji jana, leo alilazimika kuamua kamera isimame wapi, mtu aingie kwa mlango gani, na kimya kiachwe kwa muda gani kabla ya jibu. Aliyekwisha kuyaamua hayo hawezi tena kutazama Julia kama alivyotazama zamani. Aona kwamba dirisha halionyeshi Watts kwa kuwa mtu fulani aliamua lisionyeshe.

Charles Burnett, aliyezaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1944 na kukulia Watts, ndiye mfano ulio wazi. Alifundishwa na Mwingereza Basil Wright, mtengenezaji wa filamu za habari za kweli, naye alimtaja mara nyingi kwa shukrani. Filamu yake Killer of Sheep, yaani Mchinja Kondoo, ilipigwa kwa miaka kadhaa katika siku za mwisho wa juma, kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa gharama isiyofika dola 10,000, na akaitoa kuwa tasnifu yake mwaka 1977. Waigizaji wengi walikuwa watu wa mtaani. Stan, aliyeigizwa na Henry Gayle Sanders, hufanya kazi machinjioni. Ana mke, ana watoto, hana usingizi.

Linganisha na Good Times, mchezo ambao CBS ilianza kuuonyesha mwaka 1974, juu ya jamaa maskini wa Chicago wanaokaa katika majumba ya serikali. Wahusika wake walitungwa na waandishi weusi wawili, Eric Monte na Mike Evans. Esther Rolle, aliyekuwa mama, alishikilia kwamba hakubali kuigiza bila ya baba kuwamo nyumbani. Akapewa John Amos. Haukupita muda mrefu, mchezo ukaegemea upande wa mwana wa kwanza, J.J., mcheshi mwenye neno moja ambalo watazamaji walilingoja kila juma ili wapige makofi. Rolle na Amos walilalamika hadharani. Mwaka 1976 Amos aliondolewa, na ikasemwa katika mchezo kwamba baba amekufa kwa ajali ya gari. Mwaka 1977 Rolle naye aliondoka, akarudi mwaka uliofuata. Ikawa baba aliyepatikana kwa masharti ya mwigizaji ameuawa kwa kalamu ya ofisi.

Katika filamu ya Burnett baba yupo kutoka mwanzo hadi mwisho, na kuwapo kwake ndiko shida yote. Hapana vicheko vilivyorekodiwa. Stan anakiweka kikombe cha chai ya moto shavuni na kumweleza rafiki yake joto lile lamkumbusha nini, rafiki hamwelewi. Anapoambiwa kuwa ni maskini anakataa, akijitetea kwamba hata yeye huwatolea wengine sadaka. Anakwenda na mwenzake kununua mashine ya gari, wanaibeba kwa taabu kushuka ngazi, wanaiweka ukingoni mwa lori, na lori linapoondoka mashine inaanguka na kuvunjika. Mtunzi wa televisheni angelikata tukio hilo pale mashine inapoanguka, kwa kuwa ndipo penye kicheko. Burnett anaibakiza kamera ndani ya lori linalokwenda, nasi tunaiona mashine ikipungua, ikipungua, barabarani. Juhudi yote ya mchana huo imelala pale. Mke wa Stan, aliyeigizwa na Kaycee Moore, anacheza naye muziki polepole gizani mbele ya dirisha. Anamshika, na mume anajitoa. Tukio hilo halina neno hata moja, nami sijui mchezo wa televisheni wa miaka ile uliothubutu kumwonyesha mke mweusi akimtaka mumewe na asimpate, bila ya kumgeuza mgomvi kama mke wa Kingfish.

Haile Gerima alikuwa na njia nyingine, yenye hasira. Alizaliwa Gondar, Uhabeshi, mwaka 1946, akafika Marekani mwaka 1967 kusomea uigizaji Chicago, kisha akahamia Los Angeles. Filamu yake Bush Mama, iliyopigwa mwaka 1975 na kutolewa mwaka 1979, yamhusu Dorothy, mwanamke wa Watts aishiye kwa msaada wa serikali. Mwanamume wake, askari aliyerudi kutoka Vietnam, amefungwa kwa kosa asilolitenda, na ofisi ya msaada yamsukuma aitoe mimba yake. Burnett alikuwa mmoja wa wapiga picha wake, maana wanafunzi hawa walifanyiana kazi kwa zamu. Mwanzoni mwa filamu twaona polisi wakiwasimamisha watu barabarani na kuwapekua. Polisi hao hawakuigiza. Walikuwa polisi wa kweli wa Los Angeles, na waliopekuliwa ni wanafunzi wa Gerima wakiwa kazini. Kamera iliyokuwa mbali iliendelea kupiga.

Uzito wa tukio hilo hauonekani mpaka tukumbuke kwamba mji ule ule ulikuwa na michezo ya televisheni juu ya polisi wale wale. Dragnet ya Jack Webb, iliyoonyeshwa tangu mwaka 1951 hadi 1959 na tena tangu 1967 hadi 1970, ilichota visa vyake katika majalada ya idara ya polisi ya Los Angeles, na idara hiyo ilisaidia na kuyapitia maandishi yake. Adam-12, iliyoonyeshwa tangu mwaka 1968 hadi 1975, iliwaonyesha askari wawili wa doria wa mji huo wakiwa wapole na wavumilivu. Dragnet ilikuwa na desturi ya kuwaambia watazamaji kwamba wanayoyaona ni kweli, ila majina yamebadilishwa. Gerima, bila ya kutangaza lolote, aliweka mbele ya filamu yake dakika chache ambazo hazikuhitaji tangazo hilo.

Ndani ya filamu, sauti za maofisa wakimhoji Dorothy zaendelea kusikika hata akiwa peke yake njiani, kana kwamba ofisi imehamia kichwani mwake. Ukutani kuna picha ya mwanamke wa Kiafrika mwenye bunduki na mtoto, kutoka vita vya Angola. Dorothy anaitazama mara kwa mara kabla ya kuielewa. Mwishoni anasimama mbele yake bila ya nywele za bandia alizozivaa muda wote. Wako wasemao kwamba mwisho huo unahubiri kuliko unavyoonyesha, nami nakubaliana nao kwa sehemu. Lakini Barbara O. Jones anaubeba uso wa Dorothy kwa namna ambayo mahubiri hayawezi kuufunika. Gerima alikuwa amekwisha kwenda kwao mwaka 1974 na kupiga Mavuno ya Miaka 3,000, iliyotolewa mwaka 1976, kwa Kiamhara na kwa wakulima wasiopata kuigiza. Yaelekea huko ndiko alikojifunza kuuamini uso ambao haufanyi kitu.

Fanaka alikwenda upande mwingine tena. Alitengeneza filamu ndefu tatu akiwa bado mwanafunzi, jambo la nadra: Welcome Home, Brother Charles mwaka 1975, Emma Mae mwaka 1976, na Penitentiary mwaka 1979, ambayo ilileta faida kubwa katika majumba ya sinema. Wenzake wengine walimwona kuwa amejiuza kwa biashara. Hukumu hiyo ni kali mno kwa Emma Mae. Msichana huyu anatoka Mississippi na kufika kwa jamaa zake Los Angeles. Usemi wake ni wa shamba, mavazi yake ni ya shamba, na vijana wa mjini wanamcheka. Mchezo wa televisheni ungeishia katika kucheka huko. Fanaka awaacha watu wa mjini wamcheke kwanza, na sisi pamoja nao, kisha msichana anakuwa ndiye mwenye nguvu na uaminifu kuliko wote, na lahaja yake haibadiliki hata kidogo. Aliyelibeba jina la Kiswahili mgongoni ndiye aliyeitetea lahaja ya Mississippi.

Wanawake walichelewa kupewa nafasi chuoni, na walipoipata waliuliza swali ambalo wanaume walikuwa wameliruka, yaani sauti ni ya nani. Julie Dash mwaka 1977 aliichukua hadithi ya Alice Walker juu ya mtawa wa Uganda na kuifanya filamu fupi, Diary of an African Nun, akiijenga Uganda yake huko California. Katika Illusions, ya mwaka 1982, alirudi Hollywood ya mwaka 1942: mwanamke mweusi ambaye weupe wa ngozi yake wawafanya watu wamdhanie mzungu anafanya kazi katika kampuni ya sinema, na siku moja analetwa msichana mweusi kuimba nyuma ya pazia ili sauti yake itiwe kinywani mwa mwigizaji mweupe. Hii ni Amos 'n' Andy iliyogeuzwa ndani nje. Mwaka 1928 wazungu walijitia sauti ya watu weusi. Hapa mtu mweusi anaporwa sauti yake na uso ukafichwa.

Mwaka 1977, mwaka wa tasnifu ya Burnett, ABC ilionyesha Roots kwa usiku nane mfululizo, tangu tarehe 23 hadi 30 Januari, na watu zaidi ya milioni 100 waliitazama. LeVar Burton, aliyeigiza Kunta Kinte kijana, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kingine cha mji huo huo. Kunta Kinte mzima aliigizwa na John Amos, yule baba aliyeuawa katika Good Times mwaka uliotangulia. Mchezo huo uliwapa Wamarekani weusi babu mwenye jina, na siutweza. Lakini ulimpata mhusika wake karne mbili nyuma. Stan wa machinjioni aliishi mtaa wa jirani, na waliomwona walikuwa wachache.

Jina la Uasi wa Los Angeles, ambalo kundi hili lajulikana kwalo, lilitolewa na mhakiki Clyde Taylor mwaka 1986, wakati wengi wao walikuwa wamekwisha kutawanyika. Killer of Sheep haikuweza kuuzwa kwa miaka 30 kwa sababu haki za nyimbo zake hazikulipiwa. Chuo kiliitengeneza upya mwaka 2000, na mwaka 2007, baada ya kulipwa takriban dola 150,000 kwa ajili ya nyimbo peke yake, ikaonyeshwa hadharani. Burnett alipewa tuzo ya heshima ya Oscar mwaka 2017. Mwaka 2011 hifadhi ya filamu ya chuo ilizikusanya filamu za kundi zima na kuzionyesha, pamoja na zile fupi za akina Amis na Ballenger, zenye maneno yetu yaliyopinda.

Wala hawakuisusa televisheni. Burnett aliitengenezea Nightjohn mwaka 1996 na The Wedding mwaka 1998. Dash aliitengenezea The Rosa Parks Story, iliyoonyeshwa Februari 2002. Mama yake Rosa Parks aliigizwa na Cicely Tyson, ambaye mwaka 1963 aliwashangaza watazamaji kwa kutokea katika East Side/West Side akiwa na nywele zake za asili. Na kituo, mara zote mbili, kilikuwa ni CBS.